Nimekusomesha ili ufute vumbi?

Shikamoo Mama,

Mimi ni binti wa miaka 27, naishi Moshi. Nilimaliza digrii ya historia na tangu hapo sijapata ajira ya kueleweka. Kwa sasa nipo kwenye jumba dogo la makumbusho la mtu binafsi hapa mkoani, jina naomba nisilitaje. Niliingia kujitolea kwa miezi mitatu tu. Miezi mitatu iliisha zamani na bado najitolea. Napewa posho ya laki moja na nusu, na kuna miezi naambiwa watalii hawakuja, nivumilie.

Kazi yangu hasa ni stoo. Mle kuna kata za kunywea mbege, ile pombe ya ndizi, ngao, ngoma, mikuki, ngozi zilizoshonewa shanga, madaftari ya zamani ya ushirika wa kahawa, picha nyingi za watu wa enzi za mangi, watawala wetu wa Kichaga, na ndege na wanyama waliokaushwa ambao hakuna anayejua walitoka wapi. Nilipoingia vitu vilikuwa sakafuni, vingine kwenye magunia. Nimevipandisha kwenye shelfu na nimeanza kuvipa namba. Mama, nikifungua gunia nikakuta kitu kizima kimetulia mle ndani, nasahau hata kula.

Vitu vya mbao vimeingia wadudu, unga unadondoka chini. Meneja akanunua dawa ya kupuliza, ile ya mende, akaniambia nipulizie kila kitu pamoja na ngozi. Nilipulizia shelfu moja, shanga zikabaki na utando wa mafuta, mimi nikakohoa usiku kucha. Nikagoma kuendelea. Akasema najifanya profesa. Tena ana tabia ya kukodisha vitu: watu wenye sendofu wanachukua ngozi na shanga ili bibi harusi apigie picha. Juzi ngozi moja imerudi na mafuta ya pilau. Aliyelaumiwa ni mimi.

Lakini kilichoniuma zaidi ni mzee mmoja wa Old Moshi aliyekuja na mjukuu wake kuona picha ya baba yake aliyoitoa kwetu miaka ya nyuma. Tulitafuta mpaka jioni. Picha zipo tele, nyuma hazina jina wala namba, na yeye macho hayaoni vizuri tena. Akaaga kwa adabu, wakaondoka.

Sasa baba mdogo ana kampuni ya utalii Arusha. Anataka niende nianzie ofisini, baadaye nisomee kuongoza watalii. Mshahara wa kuanzia ni laki sita, na msimu ukichanganya kuna bakshishi za dola. Anataka jibu kabla ya Juni. Baba yangu ameshaamua. Alinikalisha chini akaniuliza, "Nimekusomesha ili ufute vumbi la vitu vya marehemu?" Mama yeye hasemi kitu, ila wiki iliyopita alinifulia nguo zote akazikunja kwenye begi.

Je, kazi hii ya kutunza mikusanyo ina njia kweli hapa kwetu, au najidanganya? Nikiondoka nani atavitunza? Na nikibaki nitakula nini?

Binti wa Stoo, Moshi


Marahaba mwanangu,

Mama yako na begi lake ameshakujibu, na mimi sitambishia: nenda kwa baba yako mdogo. Ila usiende kesho, na usiende mikono mitupu.

Nakujibu kama mtu aliyestaafia kwenye stoo za aina hiyo hiyo. Posho inayotegemea kama watalii wamekuja, bila barua, bila mkataba, bila tarehe ya mwisho, huko si kujitolea. Hiyo ni kazi ambayo mwenye nyumba hajaamua kuilipia, na kwa kuwa inafanyika hata asipolipa, hana haraka ya kuamua. Siku utakapoomba ajira ya maana utaulizwa ulifanya nini hapo, utasema ulipanga stoo. Shahidi wako ni nani? Meneja anayekuita profesa?

Kwa hiyo kabla begi halijavuka kizingiti una kazi moja ya kumaliza, nayo ni kuandika. Nitafika huko. Kwanza niseme na mzee wako, maana wazazi nao husoma safu hii.

Mzee mwenzangu, kule Laetoli, upande wa Ngorongoro, kuna nyayo za viumbe waliotembea kwa miguu miwili juu ya majivu ya volkano, miaka ipatayo milioni 3.66 iliyopita. Timu ya mwanaakiolojia Mary Leakey ilizifukua mwaka 1978 na 1979, kisha ikazifunika kwa mchanga zisiharibike. Mchanga ule ulikuja na mbegu za migunga. Mbegu zikaota, miti ikakua, mizizi ikaanza kupenya kwenye zile nyayo. Miaka ya 1990 wataalamu wa Idara yetu ya Mambo ya Kale na wa Taasisi ya Getty ya Marekani ikabidi warudi, waue miti, watoe mizizi kwa uangalifu, wapige picha na kuandika kila ufa, kisha wafunike upya kwa mchanga uliochekechwa na vitambaa maalumu vya kuzuia mizizi. Ukiitazama kwa haraka, kazi ile yote ni palizi. Waliokuwa wakipalilia walikuwa na digrii, wengine zaidi ya moja. Kufuta vumbi nako kuna anayejua na kuna anayeharibu, na binti yako, kwa nilivyosoma, ameanza kujua bila kufundishwa. Kuhusu pesa uko sahihi, hapo sibishani nawe.

Sasa turudi kwako. Kugoma kupulizia ile dawa ulifanya vizuri. Dawa hizo za dukani nyingi zimechanganywa na mafuta. Zinaacha utando unaonasa vumbi, zinatia doa ngozi, na mdudu wa ndani ya mti hazimfikii. Yale matundu unayoyaona kwenye ngoma ni milango ya kutokea, aliyetoboa ameshaondoka. Wanaotafuna ni watoto wake, na wao wako katikati ya mti wakiendelea kula.

Wanaopambana na wadudu kwenye makumbusho hutumia baridi. Kitu unakifunga kwenye nailoni nzito, unatoa hewa uwezavyo, unaziba kwa utepe, unakiweka kwenye friza ya nyuzi 20 chini ya sifuri kwa wiki moja. Friza ya kawaida ya nyumbani inafika nyuzi 18 tu, basi kipe wiki mbili. Umeme ukikatika katikati, anza kuhesabu upya. Ukitoa, nailoni isifunguliwe mpaka siku nzima ipite na kitu kirudie joto la chumba, la sivyo unyevu utatua kwenye kitu chenyewe badala ya nje ya mfuko. Na si kila kitu kinaingia: ngoma yenye ngozi iliyovutwa sana, picha za kioo, mbao zenye rangi inayobanduka, na shanga za kioo zinazotoa jasho, hizo ziache. Baada ya hapo weka mitego ya gundi pembeni mwa kuta, uwe unaandika imekamata nini na lini. Mitego hiyo haimalizi wadudu, lakini itakuambia wanaingilia wapi.

Kilichonitia hofu kuliko dawa ya mende ni hao ndege na wanyama waliokaushwa. Kwa muda mrefu sana, hadi ndani ya karne ya 20, wakaushaji walipaka ngozi sabuni ya aseniki kwa upande wa ndani, na kuna makumbusho yaliyoongeza zebaki au DDT juu yake. Sumu hiyo haizeeki. Chukulia kwamba kila kimoja kinayo mpaka maabara iseme vinginevyo. Vaa glavu za nitrili na barakoa ya kuchuja vumbi, tumia koti ambalo haliendi nyumbani, nawa mikono, vifunike na uandike onyo kubwa linalosomeka hata na fundi umeme atakayeingia mle wewe haupo. Unasema ukiwa stoo unasahau kula. Heri usahau mwanangu, kuliko kula chapati mle ndani.

Habari ya sendofu sitaiandika sana, presha itapanda. Usigombane na meneja, mtengenezee fomu. Kitu gani kinatoka, kiko katika hali gani, picha ya kabla, nani amechukua, kinarudi lini, na chini kabisa sahihi ya aliyeruhusu. Mtu akiambiwa aweke sahihi yake chini ya maneno "kimerudi na mafuta ya pilau", mkono huwa mzito. Ile ngozi yenye mafuta usiioshe kwa sabuni, na usiisugue. Igandamize taratibu kwa karatasi laini inayonyonya, itenge na nyingine, iandikie, imsubiri anayejua ngozi. Na kama umevifunga vitu kwenye magazeti, vitoe. Karatasi ya gazeti ina asidi na wino wake unahama. Kanunue kitambaa cha marekani, kifue mara mbili bila bluu wala manukato, hicho kinatosha.

Nifike kwa yule mzee, kwa sababu hapo ndipo barua yako iliponishika.

Wewe wa Moshi huhitaji nikusimulie Mangi Meli, mtawala wa Old Moshi, alivyonyongwa na Wajerumani tarehe 2 Machi 1900, wala jinsi familia yake ilivyohangaika miaka mingi kutafuta kichwa chake. Mwaka 2023 taasisi inayosimamia makumbusho ya Berlin ilitangaza matokeo ya uchunguzi wa mafuvu yaliyochukuliwa Afrika Mashariki enzi za ukoloni. Yale yaliyotoka kwetu Tanzania yalihesabiwa kwa mamia. Kwa vipimo vya vinasaba, mafuvu matatu tu ndiyo yaliyounganishwa na familia zilizo hai huku Kilimanjaro. Moja ni la mshauri wa Mangi Meli, na njia ya kuwafikia wazao wake ilifunguka kwa sababu mtu fulani, zamani zile, aliandika juu ya fuvu lile neno moja, cheo chake: Akida. Aliyeandika hakuwa anatufanyia sisi hisani. Lakini aliandika.

Picha za stoo yako hazina hata hilo. Mzee alileta picha ya baba yake mikononi mwa watu, wakaipokea, wakaiweka, hakuna aliyenyanyua kalamu. Hilo kwangu ni baya kuliko wadudu, kwa sababu mdudu anakula mti na jina linabaki. Hapo mti umebaki mzima na jina ndilo lililoliwa.

Mrudie huyo mzee. Usimwite stoo, nenda wewe nyumbani kwake. Piga picha zote nakala kwa simu, peleka kwenye flashi, zifungue kwenye televisheni yao pale sebuleni zikiwa kubwa. Macho mabovu yanaona mengi kwenye skrini kubwa. Asipomtambua baba yake atamtambua jirani, au koti, au kanisa lililo nyuma. Mjukuu awepo. Rekodi sauti yake yote, hata akitoka nje ya mada, hasa akitoka nje ya mada. Jina likipatikana liandike nyuma ya picha pembeni, kwa penseli laini, bila kukandamiza. Kalamu ya wino usiisogeze hapo.

Na hivyo hivyo kwa stoo nzima. Daftari gumu la kurasa zilizoshonwa, si karatasi za kuchomoka. Kila kitu na namba yake: mwaka kilipoingia, kundi lililoingia pamoja, kisha kitu chenyewe, mfano 2024.3.1. Jina lake kwa Kichaga au Kimaasai kama wenyewe wanavyokiita, aliyekitoa, kwa masharti gani, kiko katika hali gani, kipo shelfu ipi. Namba kwenye kitu usiandike kwa makapeni wala usibandike selotepu. Funga lebo kwa uzi wa pamba, mengine utajifunza. Nakala ya daftari hilo ikae kwenye jengo jingine, kwa sababu moto ukianza hauchagui shelfu. Mpe mwenye jumba, si meneja peke yake, na akusainie kwamba amepokea. Hiyo sahihi ndiyo shahidi wako wa baadaye.

Umeuliza kama kuna njia. Ipo, ni nyembamba, na watu huipotea kwa kudhani ni kazi moja. Kuna mhifadhi wa maabara, anayetibu kitu chenyewe. Huyo anahitaji kemia, na digrii ya historia pekee haitamfikisha. Kuna mtafiti anayeandaa maonesho. Na kuna msimamizi wa mikusanyo, anayejua kila kitu kiko wapi, kina nini, nani kakigusa. Kwa barua yako wewe ni huyo wa tatu, na wa tatu ndiye adimu, kwa sababu wengi wanataka kusimama mbele ya kamera na fuvu la Zinjanthropus, lile la kale la Olduvai, hawataki kukaa na daftari.

Usiitazame Dar es Salaam tu. Hapo Arusha, Makumbusho ya Taifa ina matawi mawili, la Historia Asilia kwenye boma la Wajerumani na la Azimio la Arusha. Kuna jumba la makumbusho la Olduvai. Kuna Hebaria ya Taifa kule Ngaramtoni, mimea iliyokaushwa na kubandikwa kwenye karatasi, ambayo adui zake ni wale wale wako: wadudu, unyevu, na mkono usioandika. Kuna Lakilaki, ambako Umoja wa Mataifa unatunza nyaraka za Mahakama ya Rwanda iliyofungwa mwishoni mwa 2015. Nafasi za serikali hupitia Sekretarieti ya Ajira. Zikitoka huwa chache, na anayezipata ni yule ambaye vyeti na barua zake zimeshakaa tayari. Kwa masomo, Chuo Kikuu cha Dar es Salaam kina idara ya akiolojia na masomo ya urithi, na Chuo Kikuu cha Pretoria kina shahada ya uzamili ya uhifadhi wa vitu. ICCROM, shirika la kimataifa la uhifadhi lenye makao Roma, lina mwongozo wa bure wa kupanga upya stoo zilizovurugika, unaitwa RE-ORG, ulitengenezwa kwa ajili ya majumba madogo kama hilo lenu. Upakue wiki hii hii.

Ndiyo maana nakwambia nenda Arusha. Laki sita italipa ada, na Arusha ndiko milango iliko. Lakini baba mdogo ni baba, na mshahara ni mshahara: omba barua ya ajira. Mwambie wazi kwamba Aprili na Mei, mvua za masika zikikausha wageni, unataka ruhusa ya kwenda kufanya mafunzo kwa vitendo kwenye mojawapo ya sehemu nilizotaja. Mwombe akuanzishe kwenye ziara za utamaduni badala ya mlima. Huko utakutana na watu wa makumbusho, na Kiingereza chako kitapata nguvu. Sitakuficha kwamba wapo walioenda hivyo hivyo "kwa msimu mmoja" na dola zikawakalisha. Si dhambi. Ukijikuta umekaa na umeridhika, basi ulikuwa mtu wa utalii, umejua mapema.

Nani atavitunza ukiondoka? Huenda asiwepo mtu. Vitu hivyo si vyako, na kukaa na njaa hakuvifanyi viwe vyako. Unachoweza ni kuacha daftari lililokamilika, vitu viko juu ya sakafu, sumu imeandikwa sumu, na kumfundisha mtu mmoja, hata kama ni mlinzi wa usiku; walinzi wazuri hushinda mameneja wengi kwa hili. Kutoka Arusha hadi Moshi ni kilomita 80 tu, utakuja mwisho wa mwezi kuangalia mitego.

Friza tafuta ya mtumba kwa fundi wa majokofu, ile kubwa ya kufungukia juu, hata kama ina kutu kwa nje. Ila ikishaingia ngozi ya makumbusho, isirudi tena kuhifadhi samaki wala nyama ya mtu, na hao ndege waliokaushwa usiwaweke humo kabisa mpaka wapimwe.